Matangi Matatu Njia ya Grand Canyon

Safari yangu ya kwanza kwa trela la kulala ilianzia Phoenix, Arizona, nyumbani kwa dada yangu, kuelekea Grand Canyon, mwendo wa kilomita kama 370. Kabla hatujapakia chochote, shemeji aliniita ubavuni mwa trela akanionyesha matangi matatu yaliyofungwa chini ya sakafu. La kwanza la maji safi, lita 150. La pili hupokea maji ya sinki na bafu. Wenyewe huliita tangi la kijivu. La tatu ni la choo, nalo huitwa tangi jeusi. Hayo mawili yalichukua lita 110 kila moja.

"Piga hesabu mwenyewe, shemeji," akaniambia. "Lipi litatukwamisha kwanza?"

Jibu ni tangi la kijivu, na hilo ndilo lililotuongoza mpaka mwisho wa safari.

Alijaza theluthi tu ya tangi la maji safi. Lita moja ni kilo moja, na barabara inapanda kutoka mita 330 hivi za Phoenix hadi zaidi ya mita 2,000 kwenye ukingo wa kusini wa bonde. Ya nini kuburuta maji mlimani na kambini yapo? Mpira wa maji ya kunywa ulikuwa mweupe, ukahifadhiwa kwenye mfuko wake, mbali na mipira ya majitaka. Tangi la choo alilitilia ndoo ya maji na dawa, ili uchafu usigande.

Tulipiga kambi Mather, katikati ya misonobari. Pana bomba la maji na vyoo vya wote, lakini hapana pa kuunganisha trela na maji wala na mfereji wa majitaka. Hapo nikauona ustadi wa dada. Sahani zilifutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Kabla ya kuoga, alikinga beseni mpaka maji yapate moto, na yale ya baridi yakaenda kuflashi choo. Unajimwagia, unafunga, unajipaka sabuni, unafungua tena kujisuuza. Bomba lilitoa kama lita 6 kwa dakika; anayesimama chini yake dakika 10 amejaza zaidi ya nusu ya tangi la kijivu. Kuyamwaga ardhini ni marufuku hifadhini.

Mahali penyewe panajua shida ya maji. Zamani yaliletwa kwa treni. Leo yanatoka chemchemi ya Roaring Springs, upande wa kaskazini, na kulivuka bonde kwa bomba la kilomita 20 lililokamilika 1970. Bomba hilo hupasuka mara kwa mara; mwishoni mwa Agosti 2024 hoteli za ukingo wa kusini zilisitisha kulaza wageni kwa siku kadhaa. Uhaba wa maji hapo ni wa tangu zamani, ndiyo maana mwaka 1926 kijiji cha hapo kilianza kusafisha majitaka na kuyatumia tena kuflashi vyoo na kumwagilia bustani.

Siku ya kuondoka tulipita kituo cha kumwagia majitaka. Shemeji alivaa glavu, akaunganisha mpira mnene kati ya trela na shimo, akavuta valvu ya tangi jeusi. Muda wote kambini valvu hiyo ilikuwa imefungwa, maana ikiachwa wazi maji hutangulia na kinyesi hubaki kikirundikana. Majitaka yakashuka kwa kishindo, mpira ukatetemeka. Yalipokwisha akafungua tangi la kijivu, maji ya sabuni yakausuuza mpira wote. Utaratibu huo haugeuzwi: jeusi kwanza, kijivu baadaye. Kisha akanawa mikono vizuri, akarudishia ndoo ya maji kwenye tangi la choo.

Mijini kwetu tumebobea katika maji ya kuingia: tangi juu ya mnara, madumu jikoni, kisima uani. Ya kutoka tunayaachia shimo, mpaka lifurike ndipo tuite gari la kunyonya. Kumbe hesabu ni moja, na anayepanga upande mmoja hajapanga. Msomaji, ukijaliwa kusafiri na trela, kabla hujauliza utajaza wapi, ulizia kwanza utamwaga wapi.