Mzee wa Buluu Kutoka Level Cross

Mjomba,

Huku majani yameanza kupukutika na asubuhi inataka sweta.

Siku ile tulipokuwa tukiongea kwa simu, mwanangu alipiga ukelele, "Babu kaanguka!" Wewe ukashtuka, na laini ikakatika kabla sijakutuliza. Babu huyo ni gari la kuchezea, la chuma, la rangi ya buluu, linaloenea kiganjani, lenye macho na mdomo. Umenyoosha bodi za magari miaka mingi hapo Mombasa, nami nimelelewa katika vumbi la puti na msasa la gereji yako. Basi nitakueleza gari hili kama unavyopenda gari lielezwe, kuanzia bodi.

Jina lake ni The King. Limetoka katika Cars, filamu ya katuni ya Pixar ya mwaka 2006. Humo hamna binadamu hata mmoja, magari ndiyo watu. The King ni bingwa wa mbio aliyezeeka, yuko katika msimu wake wa mwisho, na wapinzani wanakipigania kiti chake. Wakusanyaji wa huku wanayatafuta magari ya filamu hii kama wengine wanavyotafuta stempu, na wapo wenye kabati zima la vioo. Bodi ni ya zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, tumbo ni plastiki. Kiwanda kinalihesabu kwa kipimo cha 1 kwa 55, yaani magari 55 kama hili yakipangwa mkia kwa pua ndipo upate urefu wa gari moja la kweli. Ukilishika, uzito wake unakufikia kabla ya rangi. Na rangi ni safi, mjomba. Nimeipitisha ukucha kwenye kingo za milango na kwenye madigadi, sikukuta tone lililotiririka wala mahali palipoachwa kavu. Namba 43 ubavuni imekaa sawa.

Bawa la nyuma ndilo lililonivunja moyo. Ni plastiki laini. Tulilisahau siku moja nyuma ya kioo cha gari letu, jua likalipinda upande wa kulia, na halijanyooka tena. Kwa gari ambalo sifa yake nusu iko kwenye bawa, hilo ni kosa kubwa.

Lakini uso! Hapa ndipo nilipotaka uwe karibu yangu.

Mtu akiambiwa achore gari lenye uso, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye taa na kuzifanya macho. Matokeo yake ni macho yaliyotengana mno, yaliyoshuka hadi kwenye mdomo, na gari linafanana na chura. Waliochora filamu hii waliyaweka macho kwenye kioo cha mbele, kama Disney walivyokwisha kufanya mwaka 1952 katika katuni fupi ya Susie, kigari kingine cha buluu. Kioo chote kimekuwa weupe wa macho na mboni, ukingo wa paa umekuwa kope, boneti ni pua na mashavu, bampa ni mdomo. Kwa hiyo uso umepata nafasi ya kutosha, hata nafasi ya kuzeeka. Kope za The King zimeshuka kidogo, kama za mtu aliyetazama jua la mchana miaka mingi na hana tena haja ya kuyakodoa macho.

Nilikumbuka majahazi ya Lamu tuliyokuwa tukiyatazama Bandari ya Kale, yale yenye macho ya duara kwenye omo. Uliniambia chombo lazima kione njia. Macho ya jahazi yako pale panapokata maji. Ya gari hili yamerudishwa nyuma, mpaka mahali anapokaa dereva.

Na dereva huyo yupo. Nikitoka nyumbani kwangu Greensboro nikashika barabara ya kusini, nusu saa haiishi niko Level Cross, kijiji alikozaliwa Richard Petty mwaka 1937. Baba yake, Lee Petty, ndiye aliyeshinda mbio za kwanza za Daytona 500 mwaka 1959. Mtoto akampita baba: ushindi mara 200, ubingwa wa mbio za NASCAR mara saba, Daytona 500 mara saba. Watu wa hapa wanamwita Mfalme, na buluu yake wanaitambua kabla hawajaisoma namba.

Gari lake lililoigwa katika filamu ni Plymouth Superbird la mwaka 1970, lenye pua ndefu iliyochongoka na bawa refu juu ya buti. Mwaka 1969 Petty aliikimbia Plymouth akaenda kuendeshea Ford, kwa sababu hakupewa gari alilolitaka. Superbird ndilo lililomrudisha. Kanuni za mbio zilidai gari la aina hiyo liuzwe pia kwa raia wa kawaida, lakini raia waliliona la ajabu. Mengine yalikaa madukani hadi wauzaji wakayavua pua na bawa ili yapate wanunuzi. Mwaka 1971 waandaaji wa mbio wakayabana magari yenye mabawa kwa kuyapunguzia ukubwa wa injini, na hadithi yake ikaishia hapo. Leo lililobaki zima ni mali ya matajiri.

Sauti ya The King katika filamu ni ya Petty mwenyewe. Sauti ya mke wa The King ni ya Lynda, mke wa kweli wa Petty, aliyefariki mwaka 2014. Nilipolijua hilo nililitazama gari hili upya. Karibu kila toi lenye uso ninaloliona madukani ni la kijana, lina tabasamu la kuuza kitu. Hili lina uso wa mzee mmoja wa kijiji jirani, na mwanangu, bila kuambiwa na mtu, alimwita Babu.

Katika mbio za mwisho za filamu hiyo, The King anagongwa na mpinzani, anapinduka na kubaki uwanjani ameharibika. Kijana anayeongoza, gari jekundu namba 95, anafunga breki hatua chache kabla ya mstari wa mwisho. Anarudi nyuma, anamsukuma mzee kwa pua yake mpaka amalize, na kombe linachukuliwa na yule aliyemgonga. Mwanangu anaicheza sehemu hiyo sakafuni kila jioni. "Babu kaanguka" uliyoisikia ndiyo hiyo.

Nilimpeleka kwenye makumbusho ya akina Petty. Alisimama mbele ya gari la buluu namba 43, akainama, akachungulia kioo cha mbele, akaniuliza kwa nini wamemtoa macho. Nilimwambia hili macho yake yalikuwa ya mtu. Akatafuta mtu ndani, hakumwona, akaninyamazia njia nzima kurudi nyumbani.

Sasa suala la pesa, maana najua utaliuliza. Letu nililinunua mnadani kwa dola 4, likiwa limekwisha kutolewa kwenye kadi yake na limechunika kidogo mdomoni. Hapo hapo palikuwa na la pili, limefungwa kwenye kadi yake na plastiki haijaguswa, dola 30. Muuzaji alinisihi nisilifungue kamwe, kwani thamani yake itakufa. Nililinunua. Jioni nililifungua. Sioni thamani ya bodi ambayo fundi hawezi kuipitishia kidole, wala ya gari ambalo magurudumu yake hayajawahi kugusa sakafu. Zile gari za waya ulizotusukia, zenye usukani mrefu na matairi ya malapa yaliyochakaa, hakuna hata moja uliyoitundika ukutani.

Hukumu yangu ni hii: bodi nzuri, rangi nzuri, bawa baya, na uso bora kuliko wa gari lolote la kuchezea nililolishika. Kwa dola 4 linunue hata bila miwani. Kwa 30, linunue ikiwa tu utalifungua.

Hilo la pili nimempa jirani anayekuja Mombasa mwezi wa Desemba, atakufikishia. Litazame bawa, uone kama kipande cha bati chembamba kinaweza kukaa mahali pake, kisha uwape wajukuu walisukume hapo barazani. Na unipigie simu, uniambie wamelipa jina gani.

Mpwa wako,
Greensboro, North Carolina