Buji Isiyo na Moto

Nimeishi kwa kutengeneza taa, na katika zote zilizopita mikononi mwangu, niliyoifikiria zaidi ni buji ya umeme ya kuweka dirishani. Nilizaliwa Kiwanja, karibu na Rutshuru-centre, enzi ambapo giza likiingia kila nyumba ilitegemea petroli au buji. Ufundi niliuanzia kwenye redio na tochi za sokoni, kisha nikahamia Goma, mtaa wa Birere.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji, na watu wengi wakajenga upya kwa mbao na mabati juu ya mawe yale meusi. Nyumba ya mbao, rido ya nailoni, buji iliyosimamishwa kwenye kopo: moto hauhitaji zaidi ya hapo, na nyumba za Birere zimegusana. Kila Noeli ilipokaribia nilikuwa na hofu, kwa sababu ndipo buji zinapopangwa madirishani na wenye nyumba kwenda kusali.

Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilipozinduliwa Desemba 2015 kikiwa na zaidi ya megawati 13, wengi tuliamini buji zimekwisha. Hazikwisha. Si kila nyumba iliyounganishwa, na kuran hukatika. Januari 2025, vita vilipofika Goma, mji ulikaa siku kadhaa gizani, na buji zikarudi mezani.

Wenzangu walinishauri nichomeke taa moja kwa moja kwenye volti 220, maana ndiyo rahisi. Nilikataa na bado nakataa. Dirisha la nyumba ya mbao huingiza mvua, rido huvutwa asubuhi na jioni, na waya ukichubuka hapo wa kwanza kuugusa ni mtoto. Dirishani napeleka volti 5 tu, zile za chaja ya simu, au betri.

Hesabu yenyewe ni fupi. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, ledi ya manjano inataka kama 2. Rezista ya omu 220 inabeba zinazobaki na kupitisha kama miliampea 10, mwanga unaotosha dirisha bila chochote kupata joto. Hata betri kuukuu niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa huwasha taa hiyo usiku kucha kwa zaidi ya wiki.

Lakini lithiamu nayo ni moto uliolala. Ikichajiwa kupita kiasi, au waya zake zikigusana, inaweza kulipuka na kuwaka vibaya kuliko buji yoyote. Kwa hiyo siiweki bila kibao cha ulinzi kinachoikata ikijaa au umeme ukipita njia ya mkato. Mwili wa taa naukata kwenye bomba jeupe la maji, kitako nakijaza saruji ili upepo wa rido usiiangushe. Swichi naiweka pembeni, kubwa, ya kupapaswa gizani: wateja wa Rutshuru ndio walioiomba, wapate kuizima upesi wakisikia risasi. Ombi hilo sikulijadili, nililitimiza.

Kitu kimoja siuzi: zile buji ndogo za dukani zenye betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza betri hiyo na ikakwama kooni, inaweza kuchoma nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu, na huenda mzazi akadhani ni kikohozi. Zangu zote zina kifuniko cha skrubu.

Basi, ukinunua buji ya umeme, kabla hujauliza bei jaribu kufungua mahali pa betri kwa kidole. Pakifunguka, usiipeleke kwenye nyumba yenye mtoto.