Mama Alimwogopa Kinyonga, Akamchagulia Majani

Kwa miezi miwili ya mwanzo mama huyo hakuingia chumbani kwa mwanawe bila kuuliza mlangoni, "Yumo kizimbani?" Kijana, mwenye umri wa miaka 12, alijibu, "Yumo, mama," kisha kimya. Tangu familia ihamie Leicester, Uingereza, majibu yake yote yalikuwa mafupi hivyo.

Kinyonga alinunuliwa na baba, bila mama kushirikishwa. Ugomvi mwingi wa nyumba huanzia hapo, lakini hilo ni la siku nyingine. Ni kinyonga wa Yemen, mwenye nundu kama kofia kichwani, aliyezaliwa kwa mfugaji. Hakuokotwa msituni. Hata Tanzania, yenye vinyonga wake wa milima ya Usambara, ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na kumfuga mnyama wa mwituni bila kibali ni kosa.

Mama alikulia Korogwe. Huko, yeye na watoto wenzake wakimwona kinyonga walimrushia mawe, maana waliambiwa ana mkosi.

Jioni moja kijana alimfuata jikoni akiwa na jani la plastiki mkononi. Lilikuwa na alama za kung'atwa.

"Mama, anakula plastiki."

Daktari wa wanyama aliwaeleza kwamba kinyonga wa Yemen hali nyenje tu, hutafuna na majani. Kipande cha plastiki kikimezwa kinaweza kuziba utumbo. Tena hanywi maji bakulini. Hulamba matone yaliyotua kwenye majani, na hujificha humo anapoogopa. Mimea ya plastiki yote itolewe, iwekwe iliyo hai. Aliandika majina machache kwenye karatasi. Baba alikuwa na zamu za usiku wiki nzima, hivyo kazi ikamwangukia mama.

Katika duka la mimea, kijana alivutiwa na kimea kimoja cha vijiti vya kijani visivyo na majani, kwenye chungu kidogo kizuri. Mama alimshika mkono haraka. Ulikuwa mnyaa! Ule ule wanaopanda Korogwe kuwa ua wa nyumba, hapa umebandikwa bei. "Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali," akasema. Kijana alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kuuliza. Na huu? Na ule? Mama alijibu mmoja baada ya mwingine.

Haibiskasi aliichukua bila kusita, kwani ua lake jekundu alilijua tangu utoto, na maua na majani yake yote yanaliwa. Fikasi aliikubali kwa shingo upande. Nayo ina utomvu mweupe, lakini daktari alikuwa ameiandika, wafugaji wengi huitumia, na matawi yake yanabeba uzito. Waliuliza kama mimea imepigwa dawa ya wadudu. Muuzaji hakuwa na hakika.

Kwa hiyo mimea haikuingia kizimbani siku ile. Waliisuuza majani bafuni, juu na chini, wakaitoa udongo wa dukani wenye chembechembe za mbolea, wakaipanda upya katika udongo mtupu. Juu waliweka mawe makubwa kuliko kichwa cha kinyonga, asije akameza udongo wala mawe yenyewe. Kisha wakasubiri mwezi mzima ili majani mapya yachipue. Kinyonga alikaa kwenye matawi makavu, akipuliziwa maji asubuhi na jioni.

Fikasi ilipukutisha majani, kama kawaida yake ikihamishwa, na kijana karibu alie. Mama alikwaruza gome kwa ukucha, akamwonyesha kijani chini yake. Siku hizo za kumwagilia ndipo alipomsimulia habari ya yale mawe ya Korogwe. Kijana alinyamaza kidogo.

"Mlimuua?"

"Mmoja, ndiyo."

Siku ya kuingiza mimea, kinyonga alipanda haibiskasi polepole, akiyumba kama jani, akafika kwenye ua la kwanza na kuling'ata. Mama alitazama akiwa mlangoni. Hajamgusa hadi leo.

"Mwambie abakize," alisema. "Hilo lingine bado halijafunguka."