Maelezo ya Zamu

Kila zamu inapokwisha ninabakiwa na dakika kumi za kuandika. Nimemwogesha, nimemvalisha, nimemhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, tumekunywa chai. Hayo huandikika upesi. Siku ile alikaa dirishani saa nzima bila kusema neno, kisha akaniambia hatatoka tena nje, kwa sababu watu wanakitazama kiti kabla ya kumtazama yeye. Nikaandika: "Leo amehuzunika sana."

Jioni msimamizi akanipigia simu. Hakuwa na hasira. Alinieleza taratibu kwamba neno "huzuni" halitamsaidia mzee wangu.

Hapa Australia kuna bima ya taifa ya ulemavu, NDIS, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024 ina orodha mbili: ya huduma inazolipia na ya zile isizolipia. Saikolojia imeangukia pande zote mbili. Mwanasaikolojia akimsaidia mtu kujenga uwezo wa kuishi na ulemavu wake, bima inaweza kulipa. Akitibu sonona, hiyo huhesabiwa kazi ya sekta ya afya: mtu aende kwa daktari, apate mpango wa matibabu, kisha Medicare imchangie hadi vikao 10 kwa mwaka. Saa moja ya mwanasaikolojia inaweza kuzidi dola 200.

"Andika alichoshindwa kufanya," msimamizi akasema.

Nikaandika upya: "Ameshindwa kwenda dukani, mara ya tatu wiki hii. Zamani alikuwa akienda peke yake." Ni kweli tupu, na mpango wake ukija kupitiwa, sentensi hiyo inaweza kuwa ushahidi. Lakini sicho alichoniambia. Alianguka kutoka juu ya paa miaka sita iliyopita. Ni nani awezaye kuonyesha mahali uti wa mgongo unapoishia na huzuni inapoanzia?

Usiku nilimpigia mama, Tanga. Mdogo wangu alizaliwa na mtindio wa ubongo, na mama ndiye kiti chake, ndiye bafu lake, ndiye bima yake.

"Shikamoo mama. Mdogo wangu anaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Hajambo, alhamdulillah."

Ndiyo ripoti yote. Mama hajawahi kuulizwa na mtu yeyote mgongo wake unauma kiasi gani, wala analia saa ngapi. Nami niliyejifunza kumwandikia mgeni maneno yanayofungua mfuko wa serikali, sijawahi kumwandikia yeye hata mstari mmoja. Hakuna wa kumpelekea.

Kwa hiyo nimeshindwa kuzichukia zile orodha. Zinamkata mtu vipande viwili, ndiyo, lakini mtu anaweza kusimama mbele yake na kubisha. Mama angebishana na nani?

Zamu iliyofuata nilimsomea mzee wangu niliyoyaandika. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ongeza kwamba muuza magazeti alikuwa ananiita kwa jina," akasema.

Nikaongeza. Msimamizi hajapiga simu.