Kuipima Nia ya Moyoni

Biblia ya Kiswahili cha Muungano, iliyotimia mwaka 1952, yatumia neno "nia" pale Mtume Paulo anapowaandikia Wafilipi wawe kama Kristo alivyokuwa. Neno hilo lafaa kufikiriwa. Nia si tendo, wala si usemi. Ni namna moyo ulivyoelekea kabla mtu hajafumbua kinywa. Kwa hiyo mtu aweza kuhudhuria ibada kila Jumapili, akatoa sadaka yake, asiibe wala asilewe, na huku nia yake imeelekea upande mwingine kabisa.

Wakristo wa Afrika ya Mashariki walifundishwa jambo hili kwa njia ya pekee na ndugu wa Uamsho. Uamsho ule ulianza Rwanda na Uganda, hasa pale Gahini, ukafika Kenya mwaka 1937. Desturi ya ndugu ilikuwa kukutana na kuungama waziwazi, kila mtu akizitaja dhambi zake, si za mwenzake. Wengi walirudisha vitu walivyoiba, hata vya thamani ndogo. Watu waliwacheka, na kweli wako waliozidisha, wakageuza kuungama kuwa namna mpya ya kujisifu. Lakini walijua jambo moja lililo gumu kujifunza, ya kwamba toba isiyotaja kosa kwa jina lake haimgharimu mtu chochote.

Mjini Nakuru jambo hili lina uzito wake. Reli ilipofika mwaka 1900, na mashamba makubwa yalipofunguliwa Njoro, Molo na Rongai, watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi, wakawakuta wengine ambao babu zao walichunga ng'ombe papo hapo. Wajukuu wao wameketi benchi moja kanisani. Hata hivyo mapigano yalitokea katika Bonde la Ufa mwaka 1992, tena mwaka 1998 upande wa Njoro, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya nzima. Nakuru yenyewe iliwaka mwishoni mwa Januari 2008, na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Waliobatizwa walikuwamo pande zote.

Kabla ya mishale na mapanga palikuwa na maneno. Majirani waliitwa "madoadoa", na doa, kama ajuavyo kila mwenye nguo nyeupe, huondolewa. Na kabla ya neno hilo palikuwa na nia: kule kusema "watu hawa" mezani, watoto wakisikia, kule kuicheka lafudhi ya mtu, karani dirishani kulisoma kwanza jina la mwombaji, ndipo aisome haja yake. (Karani ni hodari wa kukagua hesabu, lakini mara nyingi huwa ni hesabu za wengine.)

Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani ya kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo hawakuyakabili mambo inavyopasa. Huenda mtu akasema ungamo hilo lilichelewa. Lilichelewa. Lakini wachungaji wale hawakumtafuta mkosaji nje ya nyumba yao, na katika siku zile kila mtu alikuwa na orodha ya wakosaji tayari.

Na Mkristo wa kawaida, je? Yafaa aisome tena habari ya mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, katika Injili ya Mathayo sura ya 5. Wengi huisoma kwa haraka, wakidhani yamhusu aliyekosewa. Sivyo. Yasema habari za ndugu mwenye neno juu ya huyo mtoa sadaka. Wala Bwana hakuuliza kwanza kama neno hilo ni la haki. Basi na ajiulize: ni nani, kwa jina lake, ambaye ameacha kumsalimu tangu mwaka ule? Ni nani aliyehama Molo au Kuresoi, na yeye hakuuliza alikokwenda? Pengine shamba alilolinunua kwa bei ya chini lilikuwa la mtu aliyekimbia. Hati anazo, na sheria haimdai kitu. Hapo ndipo kujipima kunapoanza kuuma. Toka Nakuru hadi Molo si safari ya siku nzima. Mtu huenda asubuhi, akarudi kabla jua halijatua, na sadaka itamngoja.