Dawa ya Pancha

Mkata tuna lami njia mbili. Moja ni barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, ambayo mabasi na malori hayakatiki usiku na mchana. Nyingine inakwenda Handeni mjini. Lakini washarika wetu wengi hawakai kando ya lami. Wanakaa mashambani, mwisho wa njia nyembamba zinazopita kwenye vichaka vya migunga, na kiangazi njia hizo hujaa mbigili. Tunda la mbigili lina miiba pande zake zote. Hata likianguka vipi, ncha moja hutazama juu. Ndiyo maana mtu wa baiskeli kwetu hatoki nyumbani bila pampu, viraka na uvumilivu.

Baiskeli ninayoitumia kutembelea mitaa ya usharika tuliletewa na wageni waliowahi kututembelea. Tairi zake hazina tyubu ndani. Tairi lenyewe hubana kwenye rimu, na hewa hukaa humo kama inavyokaa kwenye tairi la gari. Mtu anayetumia tairi za namna hiyo porini hutia ndani dawa ya majimaji inayoziba tundu, na hapo ndipo nilipolazimika kuchagua, kwa sababu dawa hizo si moja.

Ipo ile ya utomvu wa mpira. Imetengenezwa kwa maziwa ya mti wa mpira, ambayo kwa kawaida hutiwa amonia kidogo yasigande, na kuchanganywa na chembechembe ndogo. Mwiba ukitoboa, hewa inayotoka huisukuma dawa hadi kwenye tundu. Chembe hunasa, utomvu hukauka, na tundu huziba, mara nyingi kabla mwendeshaji hajajua. Tairi pana la njia mbaya linahitaji kama mililita 100. Ubaya wake ni kwamba hukauka. Watengenezaji husema idumu miezi miwili hadi sita, na penye joto kama kwetu huwahi kukauka. Usipoongeza, unabaki na ngozi ya mpira mkavu isiyoweza kuziba kitu.

Ipo nyingine, nzito, yenye nyuzinyuzi ndani ya kimiminika cha glaikoli. Hiyo haikauki upesi, na hutiwa hata kwenye tyubu za kawaida, mradi kile kisindano cha ndani ya valvu kinaweza kufunguliwa. Kwa Phoenix ya mwinjilisti wetu, yenye tyubu, nilichagua hiyo. Kwa tairi zangu nilichagua ya utomvu, kwa sababu huziba upesi, ingawa nilijua nitakuwa mtumwa wa kuiongeza.

Kijana mmoja wa kwaya, dereva wa bodaboda, alinikuta naitia. Akatazama chupa, akacheka, kisha akaniuliza swali ambalo halikuwa la kuchekesha. "Mchungaji, mbona wewe unatia maji kwenye tairi usipate pancha, halafu unatukataza kununua maji ya upako?" Mke wake alikuwa amepoteza mimba mara mbili. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba akinunua chupa ya maji yaliyoombewa na kunyunyiza mlangoni, baya lolote halitaingia tena nyumbani mwake. Alikuwa ameshaweka akiba nusu ya bei.

Sikuwa na haki ya kumjibu kwa mzaha. Nilimpa chupa aishike, nikamwambia asome mwenyewe. Dawa hii haikuahidi kwamba tairi halitachomwa. Iliahidi kuziba tundu. Yule muuza maji alikuwa anauza njia isiyo na miiba, na njia hiyo haipo Mkata wala mahali pengine tangu Adamu alipotoka bustanini. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na mwiba ukabaki. Alichopewa ni neema ya kuendelea na safari akiwa na mwiba.

Kijana alinyamaza. Kisha akasema, "Sasa hiyo neema nitaijuaje?" Nikamsimulia habari za bibi mmoja.

Bibi huyo, mjane, alikuwa mgonjwa wa muda mrefu katika mtaa wetu wa mbali. Alituma ujumbe akiomba Meza ya Bwana. Wakati huo nilikuwa bado na baiskeli yangu ya zamani. Nilitoka saa nane mchana. Nikapata pancha, nikaziba. Nikapata ya pili, kiraka kikabanduka kwa joto. Nikasukuma baiskeli, mkoba wa vyombo vya Ushirika Mtakatifu begani. Nilifika giza limeingia. Watoto walikuwa wamekwisha kumwambia alale, kwamba mchungaji ameahirisha. Alikataa kulala. Nilipoingia na kumwamkia, alinishika mkono akasema, "Marahaba, Baba Mchungaji. Nilijua umechomwa na miiba. Sikusema huji."

Tulikula na kunywa Meza ya Bwana kwa mwanga wa tochi ya simu. Baada ya siku chache tulimzika. Yule bibi hakuwa na imani kwamba njia yangu ni laini. Aliishi huko, aliijua. Imani yake ilikuwa juu ya kufika kwangu. Na nadhani ndivyo alivyomwamini Bwana wake pia. Miaka yote ya ugonjwa hakuwahi kuniambia kwamba Mungu atamwondolea maumivu, ingawa tuliomba hivyo. Alisema Mungu yumo njiani.

Kijana hakunijibu siku ile. Alirudisha chupa, akawasha pikipiki, akaondoka. Jumapili iliyofuata alikuja na mkewe ofisini, na tulikaa pamoja muda mrefu, maneno yakiwa machache. Niliwasihi ile akiba waitumie kumwona daktari wa wanawake, maana kuziba tundu ni kazi ya dawa, lakini tairi likichanika ubavuni hakuna dawa ya kumimina. Linataka mikono ya fundi. Mungu aliyetupa neema ndiye aliyetupa na mafundi. Walikwenda. Mengine ni yao, siyaandiki.

Baada ya miezi mitatu nilifungua tairi la nyuma kulisafisha. Ndani, kwenye ngozi ya utomvu mkavu, nilihesabu ncha za miiba kumi na nne. Kati ya hizo nilizikumbuka mbili tu. Zile kumi na mbili zilinichoma na zikazibwa nikiwa naendesha, pengine nikiimba. Nilikumbuka kifungu cha 11 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambacho kwenye darasa la kipaimara tunakipita haraka: katika kuungama si lazima mtu ahesabu makosa yake yote, maana hakuna awezaye kuyajua yote. Hapo nilikielewa kwa vidole. Tunayoyajua na kuyaungama ni machache. Yaliyosamehewa ni mengi zaidi.

Nilifikiri pia juu ya utomvu wenyewe. Mkoani kwetu Tanga kuna shamba la miti ya mpira, Kihuhwi huko Muheza. Mti wa mpira hugemwa: gome hukatwa kwa mshazari, na maziwa hutiririka kwenye kidonda. Kwa mti, maziwa hayo ni ya kuziba jeraha lake wenyewe. Sisi tunayachukua tukaziba ya kwetu. Mkristo hahitaji kuelezwa zaidi. Kila Ijumaa Kuu anasimama mbele ya jeraha ambalo kwalo majeraha yake yalipona.

Lakini kuna jambo moja ambalo chupa ile inanikumbusha kila baada ya miezi miwili, na ndilo ninalotaka msharika alichukue. Dawa niliyochagua hukauka. Tairi huonekana zima, limejaa upepo, linameta, na ndani hamna kitu. Hulijui hilo mpaka mwiba unaofuata. Mana ya jangwani nayo haikulala. Iliyowekwa hadi asubuhi ilioza, isipokuwa ile ya Sabato. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alifundisha kwamba ubatizo ni wa kurudiwa kila siku kwa toba, ingawa maji yalimwagwa mara moja. Mtu aliyebatizwa utotoni, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani, aweza kuwa na tairi linalometa.

Kwa hiyo katika shajara yangu tarehe za kuongeza dawa nimeziandika kando ya tarehe za Meza ya Bwana. Kuna kanuni moja zaidi ambayo kila mwenye tairi za namna hii anaijua. Baiskeli ikisimama muda mrefu, dawa hutuama chini, na tundu la juu halipati kitu. Ukisikia hewa inatoka, usikae ukilalamika. Inua gurudumu, lizungushe, dawa ifike palipotoboka. Mpendwa, ukichomwa wiki hii, usijifungie ndani. Njoo kwenye ibada, njoo kwenye jumuiya, mpigie simu mzee wa kanisa wa mtaa wako. Zungusha gurudumu. Neema imo tayari.