Lulu za Maria Theresa

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nyanya alinipa reale moja ya fedha. "Kauze, mjukuu wangu, urudi darasani." Upande mmoja mama mnene mwenye ushungi, upande wa pili tai wa vichwa viwili. Mwaka: 1780.

Nikajua nimeomoka. Kumbe Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka huo huo, na reale zake zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile: Vienna, Roma kuanzia 1935, London kuanzia 1936, na kwingineko. Zote 1780!

Kwa hivyo ukianza kuzitofautisha, achana na tarehe. Tafuta alama za chuma kilichoipiga chapa. Hesabu lulu za bruchi begani. Tazama manyoya ya mkia wa tai. Soma herufi S.F. chini ya kifua. Kioo cha kukuzia chatosha, na subira.

Nililinganisha na picha usiku kucha. Yangu ilikuwa ya karne ya 20. Sonara naye akasema ananunua fedha iliyomo tu, ingawa reale nzima ina uzito wa gramu 28 na kitu.

Nilimwambia nyanya kwa aibu. Akacheka. "Baba aliileta kwa jahazi kutoka Yemen, mpya, yang'aa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisoma tarehe ukakimbia."

Chuo sijarudi. Reale ninayo bado, na siku hizi naanza kwa kumuuliza nyanya.